Nenda nyumbani, urudi na nywele

Hamjambo wazazi, hamjambo walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingieni tu, viti viko. Nimepewa nusu saa niseme juu ya sheria za nywele shuleni, na mwalimu akipewa nusu saa mnajua inaishaje, kwa hivyo naanza na hiki nilichobeba kwa mkoba. Makasi. Haya makasi yalikaa kwa droo ya ofisi yangu miaka tisa. Nilikuwa deputi wa mwalimu mkuu, na kazi ya deputi hapa kwetu mnaijua, siku ya kufungua shule anasimama getini anaangalia vichwa. Msichana akija ametia dawa ama amesuka, nilikuwa sisemi mengi, nilikuwa nakata mstari mmoja tu katikati, kacha, ndio asiwe na namna ila kwenda kwa kinyozi amalizie. Naona kuna mama hapo anajishika kichwa, pengine ni mimi nilikukata. Pole mama.

Sasa mwaka wa 2014, mwezi wa tatu, kuna stori ilizunguka sana Facebook, kutoka Marekani, mji unaitwa Grand Junction huko Colorado. Mtoto wa miaka tisa alinyoa kichwa chote kwa sababu rafiki yake alikuwa na kansa na dawa zimemmaliza nywele, akasema basi tuwe wawili. Kufika shule akaambiwa hapana, sheria yetu hairuhusu kichwa kilichonyolewa, kaa nyumbani. Watu wakapiga kelele, bodi ya shule ikakutana, ikapiga kura tatu kwa moja, mtoto akarudi darasani. Mimi nilicheka hiyo siku, nawaambia ukweli, nilicheka mpaka nikamwonyesha bwana yangu simu. Nikasema Wazungu wana shida ya ajabu, sisi huku tunawakimbiza watoto wanyoe na wao wanawafukuza kwa kunyoa.

Haikuchukua muda.

Shule niliyokuwa, sitaitaja, ilikuwa na sheria ya nywele mistari mitatu. Nywele zisizidi sentimita mbili. Zisiwe na mtindo. Na wembe marufuku, yaani usinyoe ile kipara ya kung'aa vijana wanaita Jordan. Hiyo ya tatu hakuna mtu alikuwa anajua imetoka wapi, mimi mwenyewe niliikuta nikaiendeleza. Baadaye sana, mambo yakiwa yameshaharibika, ndio nilikaa na faili za zamani za mikutano nikaona. Kumbe miaka ya nyuma wasichana wa bweni walikuwa wananyoana na wembe mmoja, mmoja anatoka mwingine anaingia, wakaambukizana mapunye, yale madoa ya mviringo kichwani sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunaita mashilingi. Tena ilikuwa enzi ile kila mtu anaogopa wembe kwa sababu ya ukimwi. Kwa hivyo matroni wa wakati huo akasema wembe basi, na alikuwa sawa kabisa yule mama. Alikuwa anakataza wembe wa kushare. Sisi tuliokuja nyuma yake tukabaki na neno marufuku, sababu ikaachwa kwa faili.

Basi ni Jumatatu, asembli, tuko kwa bendera. Naona kichwa kinang'aa safu ya Fomu Tu kama sufuria mpya. Msichana mpole, hajawahi kuletwa ofisini hata siku moja. Nikamwita mbele. Alikuja na karatasi amekunja mara nne ameishika hivi, kwa mkono wa kushoto, anataka kunipa, na mimi nikamwambia sitaki barua yako nataka nywele. Shule nzima ikacheka. Nikamwambia nenda nyumbani, urudi na nywele. Wakacheka tena. Mwalimu akichekesha watu anasikia utamu, si ndio? Nilisikia utamu mpaka saa nne.

Ile karatasi nilikuja kuisoma siku ya nne yake. Ilikuwa imechorwa laini na rula, majina ya watu upande huu, pesa upande huu. Shangazi mia tano. Mjomba wa Nakuru elfu moja. Mtu wa duka hapo Kondele, hapa Kisumu, mia moja. Jumla ilikuwa 7,350, zote zimeingia kwa M-Pesa ya mamake mdogo, na juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa kwamba mkinichangia nitanyoa kipara ili nifanane naye.

Huyo anayefanana naye alikuwa mtoto wa mamake mdogo, miaka sita, amelazwa Russia. Wageni msishtuke, Russia ni hiyo hospitali ya Jaramogi hapo juu, Wasovieti ndio walijenga ikafunguliwa 1969 na jina likakataa kutoka. Mtoto alianza kuvimba taya, watu wakadhani ni jino, na kwa ule ugonjwa wiki moja ya kudhani ni jino ni nyingi sana, kwa sababu ule uvimbe unaweza kuwa mara mbili yake ndani ya siku moja ama mbili. Ni aina ya kansa, unaitwa Burkitt. Ni jina la daktari, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi pale hospitali ya Mulago, Kampala, akauandika 1958, na ukiangalia ramani yake sisi watu wa ziwa tuko katikati, kwa sababu unafuatana na malaria, malaria na kirusi kimoja ambacho wengi wetu tunacho bila kujua. Nawaambia wazazi, mtoto akivimba taya usizunguke na dawa ya jino. Unasikia kemo, yaani zile dawa za kansa, na ukiwahi mtoto anaweza kupona.

Lakini kemo haichagui. Inapiga chembe zozote zinazogawanyika haraka, na za kwenye mzizi wa nywele ni kati ya zile za haraka kabisa mwilini, kwa hivyo wiki ya pili ama ya tatu nywele zinabaki kwa mto. Huyo kijana alikuwa hataki kuvua marvin yake, ile kofia ya kubana kichwa, hata kulala, joto lote hili la Kisumu, marvin ya sufu, mpaka dada yake alipoingia wodini siku ya Jumapili na kichwa cheupe. Akakigusa. Akavua.

Mimi nikamrudisha dada nyumbani kesho yake.

Na bado sijafika kwa kitu kinachonisumbua. Ile saa nne niliyosema, nimekaa stafrumu na chai, mwalimu mmoja mzee, amestaafu sasa, akaniuliza taratibu, madam, kwao kuna matanga? Mnaelewa. Hapa kwetu kichwa cha kunyolewa kinasema kitu. Wajaluo tuna liedo, mmezika, mnakaa siku zenu, mnanyolewa. Waluhya pia wana siku yao ya kunyoa, na siku hiyohiyo madeni ya marehemu yanasomwa. Na nikakumbuka kwamba karibu kila muhula naleta msichana ofisini ana kipara, anasema madam tulizika, na mimi nasema pole sana mwanangu, ingia darasani. Hata siulizi barua. Yaani huyu mtoto angenidanganya tu kwamba kuna mtu amekufa angekuwa anasoma hesabu saa hiyo. Kosa lake ni kwamba mgonjwa wake alikuwa hai.

Nisiwafiche upande wa pili. Si kila mtu kwao alifurahia. Nyanya yake alilia, akamuuliza mnamnyolea nani na mtoto bado anapumua, kwani mmeshamzika? Kwa nyanya ilikuwa ni kumwitia kifo. Ilibidi msichana aketi naye chini amweleze kwa Kijaluo chake cha shule, na nyanya hakukubali siku hiyo. Kwa hivyo watu wakisema mambo ya kunyoa kwa ajili ya msaada ni kitu cha kuiga kutoka ng'ambo, nawasikia. Huko hawana liedo. Ukikileta huku lazima upite kwa nyanya kwanza, na pengine msichana angepita kwangu pia kabla ya kwenda kwa kinyozi. Hilo nawaambia nyinyi vijana wa mlangoni. Ulizeni kwanza.

Babake alikuja Alhamisi, mtu wa boda, helmeti kwapani. Hakupaza sauti. Akasema, "Madam, nimekuja kuuliza tu ndio nijipange. Zikiota kiasi gani ndio arudi?"

Nikafungua sheria. Sheria ilikuwa inasema zisizidi ngapi. Haikusema zianzie wapi.

Akasema, "Kinyozi wetu ameniambia ni kama sentimita moja kwa mwezi. Sasa nimhesabie mwezi mmoja ama miwili?"

Nikauliza tu huo wembe ulikuwa wa nani. Akaniambia ni mpya, ulifunguliwa mbele yake pale Kondele, na spiriti akapakwa. Sikujua wakati huo nimeuliza swali la yule matroni.

Watu wa sheria mliomo humu mtanisahihisha, mimi ni mwalimu wa bayolojia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 36 inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, na mimi nilikuwa nimekata watu nywele getini miaka tisa mbele ya wazazi wao. Mahakamani nywele na vitambaa vya kichwa vimefika mara nyingi kupitia dini. Septemba 2019 Mahakama Kuu ilisema shule ya Kibera ilikosea kumtoa msichana Mrasta kwa ajili ya dredi, ilhali Januari ya mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikuwa imeufuta uamuzi uliowaruhusu wasichana wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu. Lakini huyu wangu hakunyoa kwa dini, alinyoa kwa huruma, na huruma haina kifungu chake. Kilichobaki ni cha 53 cha Katiba, maslahi ya mtoto kwanza, na cha 47, kwamba kabla hujamchukulia mtu hatua umsikize. Karatasi ilikuwa kwa mkono wake wa kushoto jamani.

Bodi ilibishana saa moja na nusu. Mzee mmoja akasema tukifungua huu mlango wote watakuja na Jordan na kusema ni msaada, na hakukosea, muhula uliofuata walikuja watatu na mmoja alikuwa muongo wa kupindukia. Tukaandika kwamba mwenye sababu alete kabla, mzazi ajue, wembe uwe wake. Basi. Msichana akarudi Ijumaa, amekosa siku nne, na asembli hiyo mimi sikuchekesha mtu.

Yule mdogo alimaliza dawa. Nywele zikarudi, laini mwanzoni kama za mtoto mchanga, na mamake akakataa zisiguswe, akisema amezingoja miezi. Alipoanza darasa la kwanza, shule nyingine kabisa, wiki ya kwanza akatumwa nyumbani. Nywele ndefu. Mama akanipigia simu mimi, fikirieni, mimi, nikaomba namba ya mwalimu wa zamu, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza hapa, akanyamaza kidogo kisha akasema sawa madam, aje kesho, lakini achanwe.

Akachanwa. Maiki iko kwa yule kijana, mwenye swali anyooshe mkono.