Chaja Kwanza, Betri Baadaye

(Mhadhara kwa wenye maduka, mafundi na wananchi, Mwanjelwa, Mbeya)

Shikamooni wazee wangu. Wa Rungwe, mugonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Nimeombwa nizungumzie betri za kuchaji za matumizi ya nyumbani, zile za redio, tochi, midoli na mashine ya kupimia presha. Sitagusa betri za gari wala za sola kubwa. Hizo zina siku yake.

Mteja akiingia dukani kutafuta betri za kuchaji, betri zenyewe atazigeuza na kuzilinganisha hadi muuza duka achoke. Chaja anachukua yoyote inayoning'inia mlangoni, ya bei ya chini. Mimi nataka afanye kinyume. Mkiwa na pesa ya kitu kimoja kizuri tu, nunueni chaja nzuri, betri ziwe za wastani. Betri bora ndani ya chaja mbovu haimalizi mwaka.

Nieleze kwa nini. Betri za kuchaji zenye saizi ya AA na AAA nyingi ni za nikeli, na ubavuni zimeandikwa Ni-MH. Betri ya namna hiyo ikikaribia kujaa, volti zake hupanda polepole. Ikijaa, zinashuka kidogo sana, miliivolti chache tu, na papo hapo betri inaanza kupata joto, kwa sababu umeme unaoingia hauna tena pa kukaa. Chaja ya maana inaviona vyote viwili, kushuka kwa volti na kupanda kwa joto, halafu inakata yenyewe. Chaja ya bei rahisi haioni chochote. Inahesabu saa tu, na nyingine hata saa haihesabu, inachaji mpaka uichomoe. Hiyo ni sawa na kujaza debe gizani kwa kuhesabu vikombe bila kujua debe lilikuwa na maji kiasi gani.

Sasa wekeni hiyo chaja ya kuhesabu saa hapa kwetu, ambako umeme unakatika na kurudi. Umeme ukikatika saa tano usiku na kurudi saa sita, chaja inasahau ilipofika, inaanza kuhesabu upya. Ukikatika tena alfajiri, inaanza tena. Betri ilishajaa zamani, lakini bado inaendelea kusukumiwa umeme. Asubuhi unaikuta ya moto, na baada ya miezi kadhaa unasema betri za kuchaji hazina maana. Chaja inayokata yenyewe, umeme ukirudi, itaijaribu betri kidogo, itaona imejaa, itaacha.

Kitu cha pili cha kuangalia ni taa. Chaja ya matundu manne yenye taa mbili maana yake inachaji betri mbilimbili. Ukiweka moja iliyoisha kabisa na nyingine yenye nusu, mojawapo itaonewa. Tafuteni chaja ambayo kila tundu lina taa yake, kila betri inaangaliwa peke yake. Hiyo inakubali hata betri moja au tatu.

Halafu someni maandishi madogo nyuma ya chaja, ndipo wengi tunapopasahau. Upande wa umeme unaoingia, iandikwe inakubali hadi volti 240. Zipo chaja za mitumba kutoka Japani au Marekani zinazotaka volti 100 au 120 tu, na ukizichomeka ukutani kwetu zinaungua. Upande wa umeme unaotoka, angalieni miliampea, ndiyo kasi ya kuchaji. Betri yenye ujazo wa mAh 2000 kwenye chaja ya miliampea 500 inachukua kama saa tano, maana kuna umeme unaopotea njiani. Kwa AA mimi napenda chaja za kati ya 500 na 1000. Ya 200 si mbaya, ila utalala mara moja na zaidi ukiisubiri. Hizi zinazojisifu kujaza kwa robo saa waachieni wapiga picha wenye haraka. Betri zinachemka, na joto ndilo linaloziua.

(Mama mmoja akauliza: "Mwalimu, hizi za kuchaji mbona zimeandikwa volti 1.2 na za kawaida ni 1.5? Si tunauziwa pungufu?")

Ahsante mama, hapo ndipo biashara ya betri za kuchaji inapokwama. Betri kavu, hiyo ya kawaida isiyochajiwa, inaanza na 1.5 lakini haikai hapo. Ukiitumia kwenye tochi inateremka siku hadi siku, ikapita 1.3, ikapita 1.2, huku mwanga ukififia. Ya nikeli inaanza juu kidogo ya 1.2, na inang'ang'ania hapo karibu mpaka mwisho, kisha inazima ghafla. Kwa tochi na redio nyingi hutaona tofauti, na penye kazi nzito ya nikeli ndiyo inayoshinda. Ubaya wake ni huo wa kuzima bila kuaga. Anayetoka usiku kwenda kumwagilia abebe akiba.

Ila kweli vipo vifaa vichache vinavyolalamika, hasa vinavyotumia betri sita au nane kwa mkupuo, maana pungufu dogo linajumlishwa. Na saa ya ukutani msihangaike nayo, wala rimoti. Vinakula umeme kidogo mno, betri kavu inakaa humo mwaka au zaidi. Betri za kuchaji ni za vitu vyenye njaa: tochi, redio inayoshinda imewashwa, midoli ya watoto, mashine ya presha ya bibi.

Na zile kavu, tafadhali, msizitie kwenye chaja. Hazikutengenezwa kwa hilo. Gesi inajaa ndani, zinavuja, nyingine zinapasuka. Kuzianika juani, kama tulivyofanya sote tulipokuwa wadogo, joto linaziamsha kidogo, redio inasema nusu saa, basi.

Sasa namba. Ubavuni kuna mAh, ndio ujazo. AA ya nikeli ya kweli ina 1900 hadi 2500 hivi, na hata za viwanda bora kabisa hazivuki sana 2700. AAA, zile nyembamba, ni 700 hadi 900 na ushee. Ukiona AA ya nikeli imeandikwa 5000, huo ni uongo uliochapishwa kwa rangi nzuri. Zile ndefu za lithiamu za tochi, saizi ya 18650, za kweli nyingi zinaishia karibu na 3500. Sokoni zipo zilizoandikwa 9900. Ipime kwa mkono tu, nyepesi kama unyoya.

Saizi kubwa ya D ina ujanja wake. Ya kweli ina mAh 8000 hadi 10000 na ni nzito. Nyingi za bei rahisi ndani yake mna betri ndogo ya AA na nafasi tupu. Ukiona D imeandikwa 2000, ujue umenunua gamba. Afadhali ununue AA nzuri na magamba ya plastiki ya kuzivalisha.

Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa eneloop, betri ya nikeli isiyopoteza chaji ovyo kabatini. Za zamani zikikaa miezi michache tu zimepoteza sehemu kubwa. Hizi baada ya mwaka bado zina zaidi ya nusu kwa mbali. Leo kampuni nyingi zinatengeneza za namna hiyo. Utazitambua kwa kuwa pakiti inasema zimeshachajiwa kiwandani. Kwa nyumba ya kawaida nunueni hizo, hata kama mAh zake ni 1900 na jirani yake ni 2500.

Hatari kubwa ni kuchanganya lithiamu na nikeli. Lithiamu ya kawaida ni volti 3.7 na inajazwa hadi 4.2, na ina chaja yake. Ukiiweka nikeli kwenye chaja ya lithiamu itachemka na kuvuja. Kuna lithiamu ya volti 3.7 yenye umbo lilelile la AA, inaitwa 14500. Ukiitia kwenye redio unaweza kuiunguza. Na kuna nyingine ya AA inayotoa 1.5, yenye tundu la waya wa simu. Hiyo ichajiwe kwa waya wake tu. Wenye maduka, msiziweke kwenye boksi moja.

Walio Makete na pembeni ya Kitulo, ambako Juni na Julai majani yanaamka meupe kwa barafu: lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani. Iingize ndani ipate joto la chumba kwanza, lakini si kando ya jiko.

(Mzee mmoja: "Nina paneli ndogo ya sola yenye tundu la simu. Naweza kuchajia?")

Unaweza, mzee wangu, ukipata chaja ya betri inayotumia waya wa simu. Shida ni mawingu. Kila wingu likipita chaja inazima na kuwaka, na ile ya kuhesabu saa inaanza upya, yaleyale ya umeme kukatika. Chukua pawabenki: paneli ijaze pawabenki mchana, pawabenki ijaze betri jioni. Na betri zako zipige alama kwa kalamu ya wino mzito, nne za redio zikae nne za redio, zichajiwe pamoja na zizeeke pamoja. Moja ikidhoofika, zile tatu nyingine zitaipitishia umeme kinyumenyume, nayo itakufa. Itoe, usiisubiri. Nani mwingine?