Mdundo Ukikimbia Hugeuka Noti

(Mhadhara wa kufungulia muhula kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa utayarishaji wa muziki wa kielektroniki. Umeandikwa kama ulivyotolewa. Pale spika zilipotumika, imeonyeshwa kwenye mabano.)

Habari za asubuhi. Karibuni sana. Mlio nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na spika hizi nimezielekeza huku kwa makusudi.

Nimepitia fomu zenu. Karibu kila mmoja kaandika kwamba anataka kuijua FL Studio, au Ableton Live, au zote mbili. Programu hizo mtazizoea upesi, na wengine wenu mnazijua tayari kuliko walimu wenu, tusidanganyane. Kwa hiyo leo sitaifungua hata moja. Nimefungua Audacity, ya bure, ambayo wengi mnaitumia kukatia mahojiano, na ndani yake nina mlio mmoja mfupi mno. Sikilizeni.

(Tak. Tak. Tak. Mara moja kwa sekunde.)

Hayo ni mapigo 60 kwa dakika. Nikifika 120 na ushei tuko kwenye haus, muziki wa dansi wa Chicago, ile ya miaka ya 1980. Napandisha.

(160. 200. 300.)

Naona watu wa Manzese wameshaanza kutikisa mabega. (Kicheko.) Sawa, 300 ni singeli iliyokasirika, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam. Hebu tupige hesabu. Mapigo 300 kwa dakika ni 5 kwa sekunde. Ukigawa kila pigo mara nne, kama mnavyofanya kwenye matoazi ya hai-hati, unapata milio 20 kwa sekunde. Ishikeni hiyo 20.

(Milio 10 kwa sekunde. 15. 20. 30. 60.)

Pigo limeishia wapi? Huyu anasema kwenye 20, dada pale anasema 30. Hapo hamna mpaka uliochorwa. Kuna eneo la ukungu, sikio linachoka kuhesabu mlio mmoja mmoja na kuanza kusikia mngurumo. Na sijasimama.

(110. 220. 440.)

Hiyo 440 ndiyo noti ya La, ambayo okestra huitumia kuwekana sawa kabla ya kupiga. Sijabadilisha ala wala sijagusa kibodi. Ni tak ile ile. Aliyewahi kubana kipande cha plastiki kwenye spoku za baiskeli alishaisikia fizikia hii akiwa na miaka minane: ukikanyaga polepole inasema ta-ta-ta, ukiteremka mlima inalia kama pikipiki.

Mdundo na noti ni kitu kimoja kwa mwendo tofauti. Mtunzi Karlheinz Stockhausen, kwenye studio ya redio ya Cologne nchini Ujerumani, alilishughulikia jambo hili kwa dhati miaka ya 1950. Enzi hizo mtu alikata utepe kwa wembe na kuubandika upya, kazi ya siku nzima kwa sekunde chache za sauti. Ninyi mnaburuta kipanya tu, ila jambo lenyewe halijabadilika.

Tuongeze kitu cha tatu, rangi ya sauti: kinachokufanya ujue hii ni filimbi na ile ni fidla, ingawa zinapiga noti moja. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, John Chowning alikuwa anachezea vibrato kwenye kompyuta. Vibrato mnaijua, mwimbaji anaitikisa noti juu na chini, mara 5 au 6 kwa sekunde.

(Noti iliyonyooka. Kisha noti ile ile yenye vibrato ya mara 5 kwa sekunde.)

Chowning akaongeza mwendo wa ule mtikisiko. Nami naongeza.

(10. 20. 50. 200.)

Mtikisiko umepotea! Badala yake noti imegeuka kengele, ikachubuka ikawa kama bati. Mtikisiko ukipita kasi ya sikio kuufuata, sikio linauhesabu kuwa rangi. Kampuni za vinanda za Marekani zilionyeshwa ugunduzi huo zikaukataa. Yamaha ya Japani ikauchukua, na mwaka 1983 ikatoa kinanda cha kielektroniki, DX7. Ile piano ya kioo kwenye nyimbo nyingi za mapenzi za Kimarekani za miaka ya 1980 inatoka kwenye mashine hiyo.

Hapa nitasema neno ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. DX7 ilikuwa na vyanzo sita vya mawimbi na njia 32 za kuviunganisha, yaani bahari nzima ya sauti. Wanunuzi wengi waliishia kwenye sauti zilizowekwa na kiwanda, kwa sababu kuijua mashine yenyewe kulihitaji kukaa nayo na kuiuliza maswali. Leo hali ni hiyo hiyo. Mnashusha mafurushi ya preseti elfu, yaani sauti zilizotengenezwa tayari, mnapekua usiku kucha mkitafuta sauti iliyo kichwani, na alfajiri mnachukua iliyokaribiana nayo. Chuo hakiwezi kukupa kipaji, na sitaki yeyote awadanganye kwamba kinaweza. Kinachowezekana hapa ni kukukalisha na sauti moja mpaka ujue kwa nini iko ilivyo. Ukishajua hivyo, iliyo kichwani unaijenga mwenyewe.

Turudi Dar es Salaam. Singeli haikuanzia kwenye darasa kama hili. Kabla yake kulikuwa na muziki wa mchiriku na vile vikibodi vidogo vya Casio, kisha kwenye sherehe za mitaani, uswahilini, madijei wakaanza kuvichukua vipande vya taarabu vya ala tupu, wakavizungusha na kuvikimbiza, na mtu akashika maiki juu yake. Leo lebo ya muziki ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, imezipeleka kazi za studio ya Sisso ya Mburahati mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Wazungu huko wanauliza ni mashine gani ghali ilitumika. (Kicheko.)

Ninachotaka mkisikie ni hiki. Ukikimbiza kipande cha taarabu kutoka mapigo 150 hadi 300 bila kutenganisha mwendo na noti, kila noti inapanda oktava nzima: 440 inakuwa 880. Kinanda kinageuka kinubi cha watoto. Vibrato ya fidla, iliyokuwa 5 kwa sekunde, inakuwa 10, inaacha kuwa huzuni na kuwa wasiwasi. Na ngoma zilizogawanywa mara nne zinafika kwenye ile 20, kwenye ukungu wetu. Ndiyo maana singeli ikichachamaa husikii ngoma moja moja, unasikia kama ukuta unanguruma. Vijana wale wamesimama mlangoni kabisa, mdundo unapogeuka noti. Waliufikia kwa masikio na kwa kucheza. Kazi yangu ni kuwaonyesha mlango huo uko wapi, ili muweze kuingia na kutoka mnapotaka.

Sasa ngoma ya besi. Nani amewahi kutengeneza mlio wake, kiki, bila sampuli, yaani bila kipande kilichorekodiwa? Hakuna. Naomba programu izalishe wimbi laini linaloshuka kutoka hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, hadi 50, huku sauti ikififia mpaka sifuri. Muda: sekunde 3.

(Mlio unaoshuka polepole.)

King'ora kinachokata roho. Wimbi lile lile, sekunde 1.

(Mlio unaoshuka upesi.)

Bomu la katuni. Sasa sekunde 0.15.

(Dum.)

Ehee! Mwendo tena. Mteremko ukiwa mrefu unausikia kama wimbo, ukiwa mfupi unausikia kama kipigo. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980 na kuachwa kutengenezwa mwaka 1983, ilipata “dum” yake kwa umeme: saketi inagongwa kwa mshtuko mfupi, inalia, inafifia. Hakuna ngoma iliyorekodiwa ndani yake. Wengi wakati ule waliibeza kwamba hailii kama ngoma ya kweli, ikauzwa kwa bei ya kutupa, na ndipo ikaangukia mikononi mwa vijana waliokuwa na shida ya pesa na wingi wa mawazo.

La mwisho kabla ya maswali, na mimi ndilo nilipendalo kuliko yote. Nachukua kelele fupi, “shh”, ya kufumba na kufumbua. Naiwekea mwangwi unaorudi kila nusu sekunde, ukipungua kidogo kila mara.

(Shh... shh... shh...)

Mwangwi wa kawaida, kama muhubiri aliyeachiwa kifaa cha mwangwi na fundi aliyekwenda kula. (Kicheko.) Naufupisha: sekunde 0.05. Unakuwa mtetemo. Sasa nauweka sekunde 0.00227, yaani moja gawanya kwa 440.

(Noti ya uzi uliochomolewa.)

Umezaliwa uzi! Hamna uzi mle, ni kelele inayojirudia mara 440 kwa sekunde. Lakini fikirieni udi wenyewe unafanya nini: kidole kinauachia uzi, mshtuko unakimbia hadi mwisho, unagonga, unarudi, unagonga tena, kila safari ukipungukiwa nguvu. Uzi ni mwangwi ulio mfupi mno. Watafiti Kevin Karplus na Alex Strong walichapisha njia hii mwaka 1983 wakiongeza jambo moja dogo: kila mzunguko unalainishwa kidogo, hivyo ukali wa juu unakufa kwanza na unene unabaki nyuma, kama kwenye uzi halisi.

Mtaona kwenye mtaala historia ya muziki wa sauti zilizorekodiwa inaanzia Paris, mwaka 1948, kwa Pierre Schaeffer na sauti za treni. Ni kweli alifanya makubwa. Ila miaka minne kabla yake, Cairo, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya, akaenda kurekodi wanawake kwenye ngoma ya zaar ya kupunga pepo, kisha akaondoa sauti za msingi na kubakisha zile za juu zikielea kwenye mwangwi. Mwafrika, na ngoma ya pepo. Mtihani ukiuliza, andikeni yote mawili.

Maswali. Ndiyo, kijana.

(Mwanafunzi: Mwalimu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4, ni ya mtumba. Nitaiweza kozi?)

Yote mliyosikia leo yametoka kwenye Audacity, na kwenye mashine yako yatatoka. Kwa kujenga zaidi tutatumia programu ya Pure Data, nayo ni ya bure na haina makuu. Fedha yako ya kwanza nunulia hedifoni nzuri, usinunulie plagini, zile programu za nyongeza. Mwingine. Dada.

(Mwanafunzi: Nimekurekodi kwa simu. Hapo kwenye ile kiki, nikiichezesha haisikiki, ni “tik” tu.)

Swali zuri kuliko mhadhara. Kispika cha simu ni kidogo mno, hakiwezi kusukuma hewa mara 50 kwa sekunde kwa nguvu ya kusikika. Na wasikilizaji wenu wengi watawasikia kwa simu hiyo hiyo. Ukiongeza sauti ya besi utaipasua spika bure. Fanya hivi: iharibu kiki kidogo, ipitishe kwenye distoshani laini. Wimbi likichubuka linazaa hamoniki, yaani mawimbi ya juu yaliyo mara mbili, mara tatu ya lile la kwanza: 100, 150, 200, 250 na kuendelea. Simu itayatoa yale ya juu, na kwa kuwa yamepishana kwa 50, umbo zima bado linajirudia mara 50 kwa sekunde hata kama 50 yenyewe haipo. Sikio linafuata marudio, linaijaza besi lenyewe.

Njoo nayo hapa mbele. Nitaiweka distoshani, unirekodi tena, halafu ichezeshe kwa simu yako tulinganishe.