Mungu ndo Huu Ulimwengu Wenyewe?

ZUHURA: Haya tumerudi. Jana saa tano usiku Baraka kanitumia voisi noti eti Mungu na ulimwengu ni kitu kimoja, nikajua huyu tayari kashalewa.

BARAKA: (anacheka) Sijalewa dada angu, nilikuwa namsoma Spinoza. Mwanafalsafa, Myahudi wa Amsterdam, Uholanzi, kazaliwa 1632, riziki yake ilikuwa kusugua vioo vya lenzi, zile za darubini. Sasa mwaka 1656, ana miaka 23 tu, sinagogi lao likamlaani likamfukuza, mtu asiongee naye, asilale naye nyumba moja, asimsogelee hata dhiraa nne.

ZUHURA: Dhiraa nne si kama mita mbili hivi? Hiyo korona kabisa.

BARAKA: Halafu tangazo lenyewe halifafanui alisema nini, ni uzushi wake tu na matendo yake. Kitabu chake kikubwa kimetoka 1677, keshakufa, na humo Mungu na Maumbile ni majina mawili ya kitu kilekile.

ZUHURA: Mi nimefundishwa kuna Muumba na kuna kiumbe. Fundi si kiti.

BARAKA: Yeye anakwambia hakuna fundi aliyesimama pembeni ya kiti. Chukulia bahari na mawimbi, wewe wimbi, mi wimbi, huyo mbu anayekuuma hapo wimbi, ila maji ni yaleyale. Na Kiswahili chenyewe kimeshasema, mungu miungu, kama mti miti, mlima milima, siyo kama mtu watu...

ZUHURA: Na mtume mitume je? Naye mlima?

BARAKA: (kimya) Hiyo nilikuwa sijaifikiria.

ZUHURA: Tuikate?

BARAKA: Iache tu. Ila hata Einstein, 1929, rabi mmoja wa New York alimuuliza kwa simu ya maandishi kama anaamini Mungu, akajibu anamwamini Mungu wa Spinoza, yule anayeonekana kwenye mpangilio wa vitu, siyo anayejishughulisha na mambo ya binadamu.

ZUHURA: Ndo hapo panaponiuma mimi. Mtoto ana homa, mama kakesha anaomba, we unamwambia unayemwomba hana habari na wewe, ni kanuni tu, kama maji yanavyoshuka mlima. Sasa hiyo ina tofauti gani na kusema hayupo? Si bora useme tu hayupo tujue moja.

BARAKA: Spinoza mwenyewe alikataa kabisa kuitwa mtu asiyeamini Mungu.

ZUHURA: Akatae. Na we je, unaswali hujaswali?

BARAKA: Ngoja nikwambie. Mwezi uliopita naenda Pemba, tumefika mkondo wa Nungwi boti ikaanza kuruka, watu wanatapika kwenye vimfuko, na mi kitabu cha Spinoza kiko mapajani, nikajisikia tu nasema ee Mola tunusuru, kwa sauti, mpaka mzee wa pembeni kaitikia amina.

ZUHURA: Kwa hiyo ulikuwa unaiomba bahari isikuzamishe?

BARAKA: Kitabu nilikifungia kwenye begi mpaka Mkoani, mama.