Tipu za Hotelini na Fomu ya Mkopo

SALMA: Asalaam alaykum msikilizaji. Suali la leo ni la ndugu zetu wa hotelini, kuanzia Nungwi mpaka Paje, hapa Unguja. Mtu anataka mkopo amalizie nyumba, fomu inamuuliza kipato. Mshahara mdogo, lakini tipu, ile bakshishi ya wageni, anapata. Aandike nini, Haji?

HAJI: Waalaykum salaam. Aandike vyote viwili, kila kimoja mahala pake. Akivijumlisha akaviita mshahara, ofisa wa mikopo ataishika hati ya mshahara, aone haviendani, na hapo hata lililo kweli litatiwa shaka.

SALMA: Wengi wanasema tipu haina karatasi, bora waiache.

HAJI: Wanajinyima haki yao, bi Salma. Ile ni jasho lao. Tatizo, benki inatazama kilichopita kwenye akaunti. Mhudumu kapewa dola tano, kazibadilisha, jioni kanunua samaki na vocha, basi. Kwa benki pesa ile haikuwepo.

SALMA: Kwa hiyo aiingize kwanza, ndipo aitumie.

HAJI: Hata akiitoa kesho yake. Kila wiki apite kwa wakala, aweke alichopata, kidogo au kingi. Mara nyingi wanataka stetimenti, yaani taarifa ya akaunti, ya miezi sita, kwa hivyo anayefikiria kukopa mwakani aanze sasa hivi. Milioni moja inayotua kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi haimsaidii, ataulizwa imetoka wapi.

SALMA: Na ahesabu shilingi zilizoingia, asihesabu dola alizopewa. Mgeni anaacha sarafu za yuro mezani, duka la fedha haizipokei, mpaka umpate mgeni mwengine anayerudi kwao akubadilishie kwa noti. Noti ya dola moja inapewa bei ya chini kuliko ya mia. Noti kuukuu za kabla ya 2006 ndio kabisa, zinarudishwa. Kwenye daftari ukaandika dola arubaini, mkononi zikafika pungufu.

HAJI: Daftari liwepo, lakini pia kuna boksi la tipu pale mapokezi. Likigawiwa mwisho wa mwezi, watu wanatia saini. Ile orodha ni ushahidi mzuri. Aombe barua ya mwajiri inayotaja mgao wake wa kawaida. Na hoteli inayopitisha mgao kwenye hati ya mshahara, ndio utakatwa kodi, najua watu hawapendi, lakini benki inauona wazi.

SALMA: Mie kinachonitisha ni masika, wageni wanapopungua. Tuseme mshahara unaomfikia ni 400,000. Agosti tipu 350,000, Mei 30,000, kama hoteli haijafunga na kumpeleka likizo. Amekubali marejesho ya 300,000 kwa mwezi kwa sababu aliomba Agosti, pesa ziko. Mei anabakiwa na 130,000, na watoto wanataka kula na kwenda skuli.

HAJI: Ndio maana nasema mkopo upimwe kwa Mei! Atoe marejesho ambayo Mei atayamudu, na tipu za Agosti aziweke kando zisubiri masika. Tuliona 2020 wageni walipokatika: tipu zilikwisha, madeni yakabaki.

SALMA: Wako wanaodhani dirisha la kiislamu, ile huduma ya benki isiyo na riba, ni jepesi zaidi.

HAJI: Hasha. Kwenye murabaha benki inanunua saruji na mabati, inakuuzia kwa faida inayojulikana toka mwanzo. Riba hakuna, lakini deni lipo na unalilipa kidogo kidogo, kwa hiyo kipato chako kitapimwa vile vile. Na ukiongeza namba kwenye fomu umetia saini uongo, sio kwa benki tu.

SALMA: Na mdhamini?

HAJI: Hapo watu hawapafikirii. Anamchukua mwenzake wa zamu ile ile, hoteli ile ile. Masika ikija wote wawili mifuko mitupu, na yule ndiye anayefuatwa deni likikwama. Kama ana ndugu mwalimu wa skuli au muuguzi, mshahara wake hauangalii msimu, amfuate huyo. Na amweleze ukweli wote wa tipu zake kabla hajamshikisha kalamu.