Tupa Mfukoni: Nani Aunoe Mnyororo wa Chenso?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimekuja na mnyororo huu wa chenso, ule msumeno wa injini. Upitisheni mkono kwa mkono, ila ushikeni kwa tahadhari, bado unapata.

Tazameni jino moja tu. Nyuma kuna kiwembe kilichopinda, mbele yake kuna nundu ndogo. Nundu ndiyo inayopima jino liume mti kiasi gani, na kwa minyororo mingi huwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Halafu meno yanapishana, la kushoto, la kulia. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, aliyeitwa Joseph Cox, alimtazama buu akitafuna gogo kwa taya zake mbili, akizikata nyuzi za mti kwa kukingama au kuzifuata bila taabu. Mnyororo wa namna hii ulianzia hapo.

Sasa swali mliloniitia: tunoe wenyewe au tulipe? Wengi hupiga hesabu ya bei ya tupa na ujira wa fundi. Naona hesabu hiyo inaanzia pabaya. Ulizeni kwanza mnyororo huishiwa makali wapi. Huishiwa juu ya gogo, pale ulipogusa mchanga kufumba na kufumbua, na fundi yuko mbali. Anayemtegemea fundi peke yake hukata siku nzima kwa mnyororo uliokuwa mkali juzi. Anaukandamiza, bapa, yaani kile chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo, linachemka, mafuta yanakwisha, mgongo unamuuma. Na msumeno unaosukumwa kwa nguvu ndio unaomponyoka mtu.

Angalieni kinachoanguka chini. Zikianguka chenga nene, endelea. Ukianguka unga laini kama wa ngano, zima.

Kunoa kwenyewe ni hivi. Injini imezimwa na imepoa, glavu mkononi, bapa limebanwa kwenye jiliwa. Tupa iwe ya duara na unene wake ulingane na mnyororo: milimita 4.0 kwa midogo mingi, 4.8 kwa ya kati, 5.5 kwa mikubwa. Kipimo kamili kimeandikwa kwenye boksi. Pembe kwa kawaida ni nyuzi 30, na meno mengi yana mstari mgongoni wa kukuongoza. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje. Unaporudi inua tupa, maana hukata ikienda tu. Mara mbili tatu, jino linalofuata, idadi ile ile. Upande mmoja ukiwa na meno mafupi kuliko mwingine, msumeno utakata upogo. Kisha inamisha kichwa utazame makali kwenye mwanga. Jino butu lina uzi mweupe unaong'aa ukingoni. Likinoleka, uzi ule hauonekani tena. Mimi husubiri upotee ndipo nihamie jino jingine.

Fundi namheshimu, na ana siku yake. Ukigonga msumari au jiwe na meno yakamegeka, mpelekee. Mashine yake itayarudisha yote kwenye urefu mmoja. Lakini mashine hula chuma kingi kuliko tupa, na ikikandamizwa kwa haraka huunguza jino. Niliwahi kurudishiwa mnyororo wenye ncha za rangi ya buluu. Nilidhani ni urembo wa chuma kipya. Mikato michache tu ukawa butu, kwa kuwa moto ulikuwa umeulegeza ugumu wake.

Jambo moja wanaojinolea husahau: jino likipungua, nundu nayo ipunguzwe kwa tupa bapa, kwa kipimo chake. Ukiiacha, mnyororo mkali utatoa unga. Ukiizidisha, jino litauma kupita kiasi na msumeno unaweza kukurukia.

Kila unapojaza mafuta, piga tupa kidogo. Ni dakika chache, na jino halijaharibika bado. Jiliwa liko pale mezani na tupa ziko tatu. Nani anaanza?