Muulize Anajidungaje: Bakteria Tusiowatarajia Katika Damu

Ndugu wauguzi, matabibu na wenzetu wa maabara, najua chakula kimeshanukia huko nje, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Akija kijana anayejidunga unga, ana homa, anatetemeka, anakohoa na kifua kinambana, sisi hukimbilia malaria au TB. Vipimo vikiwa hasi tunaandika nimonia, tunampa antibiotiki ya seftriaksoni, basi. Lakini bakteria aliyeingia kwa mshipa hufika kwanza upande wa kulia wa moyo, akang'ang'ania vali. Vipande vya damu iliyoganda na usaha vikimeguka pale huenda kuziba mishipa ya mapafu. Anakohoa, kumbe ugonjwa uko moyoni.

Mara nyingi mhusika ni Staphylococcus aureus wa kwenye ngozi na puani, huyo mnamjua. Hao wengine utawafikia kwa kumuuliza mgonjwa anavyojidunga, hatua kwa hatua, bila kumkunjia uso. Ukimwita teja mbele ya wodi nzima, hakwambii kitu.

Wapo wanaolamba sindano kabla ya kuchoma. Mate yana Eikenella corrodens, anayeota polepole, anayependa hewa yenye kabonidayoksaidi, na akishaota huchimba vishimo kwenye agari, ule utomvu wa kuoteshea bakteria maabara, na kutoa harufu kama ya jiki. Chupa ya damu ya kuotesha ikitupwa baada ya siku 2 mnaweza kumkosa kabisa. Na klindamaisini, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa majipu ya sindano, haimfanyi kitu.

Aliyechanganya unga na maji ya dimbwi au ya chooni, mfikirie Pseudomonas. Seftriaksoni haimwezi.

Anayenisumbua zaidi ni Bacillus cereus, kwa sababu anaweza kuja ndani ya unga wenyewe. Mbegu zake zina ganda gumu. Kupasha kijiko kwa kiberiti hakuziui. Penisilini haimwezi, tunategemea vankomaisini. Akitokea kwenye chupa tunasema ni uchafu wa ngozi, na mara nyingi ni kweli. Ila akiota kwenye chupa mbili zilizotolewa mikono tofauti, na mgonjwa anajidunga, msimpuuze.

Ndugu yake ni bakteria wa kimeta. Desemba 2009, Glasgow, watumiaji wa heroini walianza kulazwa wakiwa wamevimba vibaya pale walipochoma, wengi bila kile kidonda cheusi tulichofundishwa kukitafuta. Scotland pekee walihesabiwa wagonjwa 119, na 14 walikufa. Vinasaba vya kimeta kile vilifanana na vya mbuzi wa Uturuki, ikadhaniwa shehena ilichafuliwa njiani. Na sehemu kubwa ya heroini inayoshushwa pwani yetu na majahazi inatoka Afghanistan, ilikoanzia ile ya Ulaya.

Kwa hiyo damu ya kuotesha itoke kabla ya dozi ya kwanza, chupa mbili, sehemu mbili. Mkikosa mshipa, mwulizeni mwenyewe. Anajua kuliko ninyi ni upi bado unatoa damu. Kwenye fomu msiandike "homa" peke yake. Andikeni: anajidunga, analamba sindano, anatumia maji ya mahali fulani. Fundi wa maabara akisoma hivyo, hataitupa chupa mapema.