Tezi Kwanza, Umri Baadaye: Mhadhara wa Tanga kuhusu mionzi baada ya titi kuondolewa

Asalaam alaykum, na wenzangu Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni mama zangu mliokaa mbele.

Barua ya mwaliko inasema nizungumzie saratani ya titi kuanzia dalili hadi tiba. Sitafanya hivyo. Dalili mnaimbiwa kila Oktoba, hata watoto wa shule wanazijua. Mie nina jambo moja, na walionisikia Muheza na Pangani watanivumilia, maana ni lilelile.

Mama yenu ana miaka 70 na ushei. Titi limeondolewa, jeraha limepona. Daktari anasema sasa aende Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, akapigwe mionzi kifuani palipokuwa na titi na juu ya mtulinga. Hapo ndipo kikao cha ukoo kinapoitishwa, na swali la kwanza huwa: ana miaka mingapi? Jamani, hilo liacheni mwisho. Ulizeni kwanza: tezi ngapi?

Titi likiondolewa, huondolewa na tezi za kwapani. Maabara wanazihesabu moja moja, wanaandika: zimekutwa 14, zenye saratani 5. Mstari wenyewe mfupi, mara nyingi uko ukurasa wa pili ambao familia haifiki. Zenye saratani zikiwa 4 na kuendelea, au uvimbe umepita sentimita 5 na tezi zimeguswa, au ugonjwa umeshashika ngozi, basi mionzi ina kazi ya kufanya, awe na miaka 45 au 75. Na akina mama wetu wengi hufika hospitali wakiwa hapohapo, hatua ya tatu.

Nikasirike kidogo, mniruhusu. Naletewa karatasi imekunjwa mara nne, imetolewa kwenye pindo la kanga, naifungua: "Titi la kulia, saratani." Basi! Tezi hazikuhesabiwa, uvimbe haukupimwa. Sitaji hospitali, wenyewe wapo hapa wanatazama dari. Mama amekatwa titi zima halafu tunashindwa kumwandikia namba mbili? Nyie wenye wagonjwa, msiondoke dirishani bila kuuliza tezi ngapi zimetoka na ngapi zina ugonjwa.

Kuna bibi mmoja wa Ngamiani, sitasema barabara ya ngapi maana mtamjua. Miaka 74. Alikuwa na tezi 6 zenye saratani. Wanawe wakakaa kikao ukumbini kwake, mmoja yuko Muscat anaongea kwenye simu iliyowekwa juu ya meza. Wakakubaliana kwamba Mama amezeeka, asisumbuliwe, apumzike. Huku Mama mwenyewe yuko uani anageuza vitumbua, moshi machoni, wateja wamesimama na vibakuli vyao, anakumbuka deni la kila mmoja bila daftari. Huyo ndiye wanayetaka kumpumzisha. Alipomaliza chungu cha mwisho akaingia, akajifuta mikono: "Wanangu, mmeshamaliza kunizika? Sasa mie niseme?" Akauliza ugonjwa ukirudi utarudi vipi. Nikamwambia bila kuficha: mara nyingi kwenye ngozi ya kifua, vijipu vidogo vidogo, kisha kidonda kinachotoa maji na harufu. Akauliza, "Na huko Dar nitakaa kwa nani?" Hakuuliza lingine.

Hapo ndipo watu hunikosea. Wanadhani natetea miaka tu, eti bibi afike 100. Hapana. Kurudi kwa ugonjwa pale kifuani hakungoji miaka ishirini, kwa wengi ni ndani ya miaka michache ya mwanzo, na bibi wa miaka 74 mwenye nguvu zake atakuwepo kukiona. Kidonda kile nimekifunga kwa mikono yangu. Mgonjwa anakataa wageni, anakataa wajukuu, anachoma udi kutwa nzima. Hayo ndiyo mapumziko mnayompa?

Sasa kuna kijana yule nyuma, nimemwona ameshika simu. Atasema, "Daktari, tafiti zinasema wazee hawahitaji mionzi." Ndiyo, zipo. Ule wa PRIME II uliwachukua wenye miaka 65 na zaidi, na baada ya miaka kumi waliopigwa mionzi na wasiopigwa walikuwa hai sawasawa. Lakini soma walikuwa nani! Uvimbe usiozidi sentimita 3, tezi safi, titi limebaki, kimetolewa kivimbe tu, na wote wanameza dawa za homoni. Huyo si mama yako mwenye tezi 6. Umechukua majibu ya mtu mwingine ukampa mamako.

Waliokatwa titi wana utafiti wao. Denmark waliwafuata wanawake waliokoma hedhi, wote wakipewa tamoksifeni, dawa ya homoni, majibu yakachapishwa 1999. Baada ya miaka kumi, ugonjwa ulirudi kifuani au kwenye tezi kwa 35 katika kila 100 wasiopigwa mionzi, waliopigwa, 8. Waliokuwa hai ni 36 kwa wasiopigwa, 45 kwa waliopigwa. Na utafiti ule haukupokea aliyefika 70. Kwa hiyo anayesema imethibitishwa kuwa baada ya 70 mionzi haisaidii, atuonyeshe nani alithibitisha. Wazee hawakuitwa kabisa!

Nisiwadanganye upande wa pili pia. Dawa za leo ni bora kuliko za wakati ule. Utafiti wa SUPREMO, uliotoka 2025, uliwachukua wa hatari ya kati ya ugonjwa kurudi, wengi wao tezi 1 hadi 3: baada ya miaka kumi waliokuwa hai ni kama 81 au 82 katika 100 pande zote mbili, waliopigwa mionzi na wasiopigwa. Kwa hiyo mama mwenye tezi 1, uvimbe mdogo, moyo umechoka, naweza mimi mwenyewe kumwambia abaki nyumbani ameze vidonge vyake. Na aliye kitandani hageuki, hamtambui mtu, msimpandishe basi. Mnaona? Bado sijauliza umri.

Safari. Tanga twasema waja leo waondoka leo. Mionzi haiko hivyo. Zamani ilikuwa mara 25, wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Wachina wakawapima wanawake 820 waliokatwa titi, wa hatari kubwa, wakapiga mara 15 kwa wiki tatu, majibu yaliyotoka 2019 hayakuwa duni kuliko ya wiki tano. Ulizeni kama mama yenu anafaa kwa mpango huo wa wiki tatu. Wiki tatu kwa mtoto wa dada Mbagala zinavumilika, wiki tano mke wa mwenye nyumba ataanza kugonga masufuria.

Naoneshwa saa. Haya, haraka haraka.

Mkono! Kwenye mashine unalala chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Wazee bega hukakamaa baada ya upasuaji, anafika Dar mkono hauinuki, kazi inachelewa. Daktari akisharuhusu, simama mbele ya ukuta, vidole vipande taratibu kama mjusi, kila siku, weka alama ya mkaa pale ulipofikia.

Liwa, msio, manukato: si kwenye sehemu inayopigwa, mpaka mtakapoambiwa. Ngozi itakuwa nyeusi, itawasha, hupoa. Vaeni kanga laini, sidiria zikae sandukuni. Mionzi hii ya mashine haibaki mwilini, mjukuu pakateni. Titi la kushoto, waulizeni kuhusu moyo, maana uko upande huo. Vidonge vya homoni vilikuwa na robo saa yake, imeliwa na vitumbua.

Gharama: msiuze shamba kabla hamjafika dirisha la ustawi wa jamii na barua ya rufaa mkononi.

Maswali sitayaweza hapa. Wenye majibu ya maabara wabaki, wapange mstari mlango wa kulia, karatasi zikiwa zimefunguliwa ukurasa wa pili. Na wewe kijana wa simu, njoo na mama yako, si na simu.